Baba, Ziba Masikio

Kila Jumapili jioni nakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kupaka dawa viatu vya shule vya binti yangu. Angeweza kuvipaka mwenyewe, maana sasa yuko darasa la tatu, lakini namnyang'anya brashi kwa kisingizio kwamba yeye hupaka mpaka soksi. Ukweli ni kwamba naitaka ile harufu. Kopo likifunguka tu, niko tena uani kwetu Mbagala, nimechuchumaa kando ya miguu ya baba, namtazama akiipaka dawa hiyo hiyo nyeusi kwenye mgongo wa kinyago.

Baba alikuwa mchongaji. Alitoka kusini akiwa kijana na tezo yake, kile kishoka cha kuchongea, kwenye mfuko wa nailoni, na tezo hiyo ndiyo iliyotulisha. Alichonga mpingo chini ya kibanda cha mabati alichokijenga ubavuni mwa nyumba, akavipiga msasa vinyago vyake mpaka vikawa laini kama shavu la mtoto, kisha akavipaka dawa ya viatu ili weusi ukolee. Nyumba za jirani zilinukia vitunguu na dagaa. Yetu ilinukia viatu vya bwana harusi, na mimi nilidhani kila mtoto mwenye baba anaishi ndani ya harufu ile.

Jumapili iliyopita binti yangu alikuwa ananisomea amri kumi za Mungu, maana ndizo wanazokariri shuleni muhula huu. Alipofika ya pili, ile inayokataza watu kujichongea sanamu, aliishia hapo. Akalitazama kopo la dawa, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "si babu alikuwa anachonga?"

Brashi ilinisimama mkononi. Macho aliyonitazama nayo nayafahamu vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa nayo mimi.

Nami nilisoma darasa la tatu katika shule ya kanisa. Halikuwa kanisa letu. Sisi tulikuwa Wakatoliki, wao walikuwa walokole, lakini baba alisema Mungu ni mmoja na shule ile iko karibu, basi mjadala ukafungwa. Darasa la tatu lilikuwa darasa la kuogopwa, kwani huko ndiko penseli ilikoachwa na peni ikashikwa, na kosa la peni halifutiki. Tulijifunza kuunga herufi, tulijifunza tebo za kuzidisha mpaka tukawa tunaziota, tulijifunza kuomba kwa zamu kabla ya uji wa ulezi wa saa nne, na aliyeomba kwa kirefu alichukiwa na darasa zima kwa sababu uji ulipoa ukatanda utando. Na kila Ijumaa tulikariri Maandiko.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Eliza, mwanamke mnene mpole mwenye lafudhi ya kwao milimani, aliyependa kutuita "watu wangu". Fimbo alikuwa nayo, ila aliitumia kwa sheria moja aliyoitangaza siku ya kwanza. Mtoto aliyekosa bila kujua hachapwi, anaelezwa. Mtoto aliyekwisha kuelezwa akarudia, huyo anachapwa.

"Na Mungu naye ni hivyo hivyo, watu wangu," alisema. "Asiyejua, Mungu anamvumilia. Anayejua na bado anafanya, huyo ana lake jambo."

Nililishika neno lile kama nilivyozishika tebo, bila kuliuliza maswali.

Kisha ikaja Ijumaa ya amri kumi. Mwalimu Eliza aliziandika ubaoni zote, tukazisoma kwa sauti ya kuimba. Kwenye ya kwanza nilikuwa salama. Kwenye ya pili nilihisi mtu amenimwagia maji ya mtungi mgongoni. Sanamu. Kuchonga. Neno lenyewe lilikuwa pale kwa chaki nyeupe, neno tulilolitumia nyumbani kila siku: baba anachonga, baba amekwenda kuchonga, usimsumbue baba yuko kwenye kuchonga. Na kana kwamba hiyo haitoshi, vile vinyago vyake vya jicho moja na meno ya pembeni, ambavyo wanunuzi walivipenda kuliko vyote, vilikuwa na jina lao kwa wachongaji wote. Viliitwa mashetani. Baba alikuwa anachonga sanamu, tena za mashetani, tena uani kwetu, mchana kweupe.

Nilirudi nyumbani nikamkuta pale pale kibandani, miguu imekumbatia gogo, vumbi la mpingo limemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Mimi nimeitwa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuniita kitu kingine. "Wamewafundisha nini leo?"

Nilikuwa na akili za kitoto lakini sikuwa mjinga. Nikamuuliza: "Baba, unazijua amri kumi?"

Akaweka tezo chini, akacheka. "Mie? Nilikula viboko vya katekista kwa hizo amri. Sikiliza." Akanyoosha vidole vyake na kuzitaja moja moja, haraka haraka, kama alivyozikariri misheni huko kusini akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Nilihesabu naye kimoyomoyo. Zilifika kumi, zikakamilika, vidole vikaisha. Ya sanamu haikuwemo.

Leo najua kwa nini. Wakatoliki wanazihesabu tofauti. Hilo la sanamu limekunjwa ndani ya amri ya kwanza, na ile ya kutamani imegawanywa mbili, ili hesabu itimie. Lakini nani angemweleza hayo mtoto wa darasa la tatu? Mimi nilielewa jambo moja tu, na nililielewa kwa furaha kubwa: baba hajui. Wale mapadre wa kusini walisahau kumwambia. Amechonga miaka yote hiyo bila kujua, na asiyejua Mungu anamvumilia. Ilimradi mtu asimwambie, baba yangu yuko salama. Nilikwenda kunywa maji nikiwa mwepesi kabisa.

Wepesi ule haukudumu. Jumatatu Mwalimu Eliza alitutangazia Siku ya Wazazi. Darasa la tatu litapanda jukwaani kutaja amri kumi, kila mtoto amri yake, kwa mpangilio wa madawati kuanzia la mbele. Aliyekaa mwanzo wa dawati alichukua ya kwanza. Mimi nilikuwa namfuata.

Nilimfuata Mwalimu Eliza mpaka mlango wa ofisi, nikamwomba anipe ya tano, ile ya kuwaheshimu baba na mama.

"Amri si peremende za kuchagua rangi," alisema akicheka. "Ya pili ni fupi, utaiweza."

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba hakuwa mtu wa kukosa mambo ya shule. Wanaume wengine wa mtaani kwetu waliwaachia wake zao. Yeye alikuja hata kwenye chanjo. Angekaa pale, mimi ningesimama mbele yake kwenye maikrofoni, ningetamka ile amri, na tangu dakika ile baba yangu angekuwa anajua. Kesho yake asubuhi akishika tezo atakuwa anashika dhambi. Asipoishika hatuli. Mtu wa kumpeleka motoni angekuwa ni mimi, mtoto aliyebeba jina la mama yake. Usiku nilisali mvua inyeshe siku hiyo, na tulikuwa katikati ya kiangazi, hata mabomba yalikuwa yanakohoa.

Mama aliona sili. "Wee mtoto una nini siku hizi? Minyoo?" Akanipa dawa ya minyoo. Haikusaidia kitu.

Mwishowe nilikwenda kibandani nikasimama nyuma ya baba, mahali ambapo hangeniona uso.

"Baba, ile Siku ya Wazazi, wewe usije. Aje mama peke yake."

Tezo ilisimama. Nilisubiri aniulize kwa ukali, nijibu kwa kulia, yaishe. Hakuwa mkali.

"Kwa nini, mama?"

"Basi tu."

Hakugeuka. Alivitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena upande wa pili. Vilikuwa vyeusi, lakini si kwa rangi ya ngozi. Vumbi la mpingo na dawa ya viatu vilikuwa vimeingia kwenye kila mkunjo na kuzunguka kila ukucha, na hakuna sabuni iliyowahi kuvitoa. "Haya," alisema. Akaendelea na kazi, ila polepole.

Jioni ile nilimkuta kwenye karai nyuma ya nyumba, anajisugua mikono kwa mchanga na ndimu na sabuni ya unga. Mama alikuwa amesimama juu yake na taulo.

"Utajichuna ngozi," mama alisema.

"Pale kuna wazazi wanakuja na magari, Mama Fide," baba akajibu. Fide ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa bweni. "Mtoto ameshakua. Anaona."

Niliwasikia vizuri na sikuelewa hata chembe. Nilidhani baba anajiandaa kwenda kanisani. Ilinichukua muda mrefu sana maishani kurudi kwenye lile karai na kuona kilichokuwa kinaoshwa, na kila nikirudi moyo wangu unauma upya.

Siku ikafika, kavu na yenye jua. Uwanja wa shule ulikuwa na turubai la harusi, viti vya plastiki na spika mbili zilizotuumiza masikio. Tulipanda jukwaani na sare zilizopigwa pasi. Nikatafuta kwa macho nikamwona mama na gauni lake la kitenge. Pembeni yake, kwenye kaunda suti aliyooa nayo, alikuwa baba. Amekuja. Alikuwa amejikunja kidogo kwenye kiti, mikono ameibana katikati ya magoti, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Aliyekuwa mbele yangu akaitaja amri yake, watu wakapiga makofi. Maikrofoni ikaja kwangu.

Nilinyamaza. Mwalimu Eliza, aliyesimama chini ya jukwaa, akaninong'oneza neno la kwanza, akidhani nimesahau. Sikusahau. Nilikuwa naijua amri ile kuliko mtoto yeyote pale, pengine kuliko mtu yeyote chini ya turubai lile. Watu wakaanza kuguna kwa huruma, ule mguno wa wazazi wa "masikini, mtoto". Nikamtazama baba, naye akanitazama, na akaniitikia kwa kichwa taratibu, yaani sema tu, mama, usiogope.

"Baba," nikasema, na spika zikaitupa sauti yangu mpaka barabarani. "Baba, ziba masikio."

Turubai zima lilicheka. Kuna mama mmoja aliyecheka mpaka akashika kiti cha mbele yake. Watu waligeuka huku na huku wakimtafuta huyo baba ni nani.

Baba hakugeuka, hakucheka, hakuuliza. Aliitoa mikono yake katikati ya magoti, ile mikono aliyoisugua ikawa myekundu kwenye vifundo na bado ina mstari mweusi kuzunguka kila ukucha, akainua yote miwili mbele za watu wote na magari yao, akaziba masikio. Mama alimvuta kiwiko. Hakuishusha mikono. Alinitazama tu akisubiri.

Nikaitaja amri yangu yote, kwa sauti kubwa, bila kukosea. Nilipigiwa makofi.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho, ingawa mimi nilikiona baadaye. Sikumwambia aache. Basi hakuacha. Amri zilizobaki zilitajwa, kwaya ikaimba, mkuu wa shule akasimama kutoa hotuba ndefu kuhusu nidhamu, na pale kwenye viti vya katikati kulikuwa na mwanaume mmoja wa kaunda suti ameziba masikio kwa mikono miwili. Mkuu wa shule alimtazama, akapoteza sentensi, akaitafuta, akamtazama tena. Baba akamwinamia kichwa kwa heshima, mikono ikabaki palepale. Tuliposhushwa jukwaani nilikimbia nikamvuta kiwiko, ndipo akaishusha.

Tulirudi kwa miguu, mama ametangulia mbele kwa hasira kidogo. Tulipolipita duka la kona ndipo baba aliponiuliza.

"Mama, mie nakuaibisha?"

Nilianza kulia pale pale. "Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Siwezi kukwambia. Nikikwambia utakuwa umejua."

Alilifikiria jibu lile hatua kadhaa. Lilikuwa halina kichwa wala miguu, na mtu mwingine angelinitoa jibu la pili kwa kofi. "Basi usiniambie," alisema, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kinanuka ndimu.

Jumatatu Mwalimu Eliza aliniita wakati wenzangu wanakunywa uji. Yeye nilimweleza, kwa sababu yeye alikuwa anajua tayari na kujua kusingemdhuru. Nilieleza kila kitu: tezo, mashetani, mapadre wa kusini waliosahau, na ile sheria yake ya fimbo. Alicheka mwanzoni. Halafu aliivua miwani akaifuta, akafuta na macho.

"Baba yako anavipigia magoti vinyago vyake?"

"Hapana. Anavipiga msasa."

"Na hayo mashetani?"

"Nayo anayapiga msasa."

"Haya, sikiliza, mtu wangu. Hili kosa ni langu, sikuwaeleza vizuri." Akanieleza taratibu kwamba anachokataa Mungu ni mtu kuchonga kitu kisha akiabudu, na kwamba kwenye Maandiko hayo hayo yupo fundi ambaye Mungu mwenyewe alimjaza ujuzi wa kuchonga mbao na kufanya kazi za mikono. "Baba yako ana mikono ya namna hiyo," alisema. "Mwambie mwalimu wako amesema."

Sikunywa uji. Siku ile ilikuwa ndefu kama wiki. Kengele ilipolia nilikimbia mpaka kibandani, na hata shikamoo sikutoa.

"Baba! Sasa unaweza kusikia!"

Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, amri na mengine, nikirukaruka. Aliweka tezo chini. Aliposikia sehemu ya mapadre alitabasamu. Aliposikia sehemu ya moto, kwamba nilikuwa nazuia asiende huko, tabasamu likaondoka. Alikiokota kinyago kilichokuwa karibu naye akakipuliza vumbi, na kinyago kile kilikuwa safi, kimeshapakwa dawa tangu jana. Alikipuliza tena. Kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, yenye mkwaruzo.

"Mama Fide! Njoo usikie! Mtoto hakuwa ananionea haya!"

Nilishangaa kwa nini, kati ya yote niliyosema, yeye alichagua hilo, ambalo sikulisema.

Tangu hapo ikawa lugha yetu. Niliporudi na matokeo mabaya ya kidato cha pili, nikasimama mlangoni nikizungukazunguka, aliuliza: "Nizibe kwanza?" Akaziba, nikasema, akazibua, akanifokea kidogo. Nilipotaka kumwambia kuna mwanaume anataka kuja kujitambulisha, na kwamba si Mkatoliki, aliziba masikio akiwa na msasa mkononi, akajipaka vumbi nusu ya uso. Mama alisema sisi wawili tuna wazimu mmoja, tumegawana.

Mara ya mwisho ilikuwa hospitali. Alikuwa amekonda, kitanda kimemzidi. Daktari aliniita pembeni, akaniambia alichoniambia, nami nikabaki kwenye korido nikiupanga uso wangu mpaka nilipodhani umepangika. Nikaingia. Baba alinitazama mara moja tu. Hakuuliza daktari amesemaje. Aliinua mikono yake kutoka kwenye shuka, kwa shida, mmoja una mpira wa dripu, weusi bado umezunguka kila ukucha ingawa alikuwa hajashika mpingo kwa miezi. Akaziba masikio. Akanitabasamia.

Nikakaa kitandani pake, nikamwambia kila kitu, mpaka mwisho, na kwamba nampenda. Nilipomaliza nilimvuta kiwiko. Akaishusha mikono, akaniuliza kama nimekula.

Haya yote sikumwambia binti yangu pale kizingitini. Ni mengi kwa mtoto mwenye soksi moja mguuni. Lakini alikuwa bado ananitazama na yale macho, midomo imeanza kumtetemeka, anasubiri kujua babu yake yuko wapi. Ya Mwalimu Eliza nilimweleza kesho yake, polepole, njiani kwenda shule. Jioni ile nilimvuta nikamweka mapajani, mikono yangu ikiwa imejaa dawa ya viatu, nikamwambia alale bila wasiwasi, maana babu siku ile alikuwa ameziba masikio.